Kitanda cha mbao cha chumba namba saba

Juzi alfajiri, nikitoka zamu, nilikuta ujumbe wa kijana mmoja wa Morogoro. "Shikamoo dada. Hadithi yako nimeimaliza usiku mmoja. Na mimi ninayo yangu, upelelezi wa Krismasi wenye majini, ila nimekwama sura ya tano. Kila mpelelezi wangu akimkaribia jini, jini anatoweka. Nifanyeje?"

Nilimjibu nikiwa bado na koti mwilini: mnyime jini wako kitu. Akanirudishia alama ya kuuliza. Ana haki yake. Basi leo ni siku yangu ya mapumziko, nimekaa nieleze vizuri, maana najua hayuko peke yake. Tuko wengi tunaotaka kuandika hadithi ya Kiswahili ya kumkosesha mtu usingizi, yenye fumbo, yenye viumbe wasioonekana, na wengi wetu tunakwamia palepale.

Mimi nilikwama miaka miwili. Naishi Bradford, kaskazini mwa Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Krismasi yangu ya kwanza hapa nilipangiwa zamu ya usiku. Saa kumi jioni giza lilikuwa limeshaingia. Kila mlango ulikuwa umetundikwa majani ya holi, yale ya kijani kibichi yenye miiba pembezoni na vitunda vyekundu. Nikawa nasukuma toroli la chai kwenye ukumbi mrefu, jani moja likaning'ang'ania mkono wa sweta. Nikalivuta, nalo likavuta uzi. Nilisimama pale nikitazama ule uzi uliofumuka, chai inapoa, nikajiambia: hapa pana hadithi.

Nikaiandika kwa miezi minne, ambayo sina haja ya kuisimulia. Ilikuwa hivi: mkesha wa Krismasi, bibi mmoja anatoweka ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Nje theluji imelala, haina alama ya mguu. Watu wa nyumba wanamwita Bwana Kombo aje achunguze. Ni Mpemba, mlinzi wa usiku, mtu ambaye watu humtafuta kimyakimya yakiwafika mambo yasiyo ya kawaida. Bwana Kombo anahangaika kurasa 90, halafu anagundua kwamba bibi alichukuliwa na watu wa chini ya kilima, wale ambao hadithi za Ireland na Scotland zimejaa habari zao. Walipita ukutani.

Nikaipeleka kwenye shindano. Sitalitaja. Jibu la msomaji wao lilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: "Kama kiumbe chako kinapita ukutani, kufuli la mlango lina kazi gani?" Wa pili: "Upelelezi na majini havikai pamoja." Mstari wa kwanza ulinifundisha zaidi ya kitabu chochote. Wa pili bado unaniuma, na sioni sababu ya kuficha. Aliyeandika vile alikuwa anafunga mlango ambao hakuujenga yeye. Sisi ni watu ambao mtoto akiumwa homa ya ghafla tunauliza maswali mawili: daktari amesemaje, na jana jioni alipita wapi? Upelelezi na majini vimekaa pamoja majumbani mwetu siku zote. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alipotuletea mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960, maiti aliiweka kwenye mzimu. Mwishoni mkono ulikuwa wa binadamu, lakini fumbo lile lisingekuwa na uzito wowote bila hofu ya mzimu.

Niliweka kazi yangu kabatini. Kilichonitoa humo ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, ambaye usiku mmoja aliniuliza kama nimeshafika Cottingley. Nilikuwa nimekaa Bradford miaka minne, na Cottingley ni safari ya basi tu kutoka hapa, lakini sikuwa naijua. Nilikwenda Jumapili. Kijito chenyewe ni chembamba, maji yana rangi ya chai ya rangi, yanapita nyuma ya nyumba za watu kama mfereji. Hapo mwaka 1917 wasichana wawili, Elsie Wright wa miaka 16 na binamu yake Frances Griffiths wa miaka 9, aliyekuwa ametoka Afrika Kusini, walipiga picha wakionekana pamoja na vichimbakazi, wale viumbe wadogo wa hadithi, wenye mabawa. Picha zikafika kwa Arthur Conan Doyle. Yeye, baba wa Sherlock Holmes, alizitangaza kuwa za kweli katika toleo la Krismasi la jarida la The Strand, Desemba 1920.

Fikiria hilo. Mtu aliyeumba mpelelezi maarufu kuliko wote duniani, sikukuu ya Krismasi, vichimbakazi. Hadithi yangu yote ilikuwa imeshatokea umbali wa basi moja kutoka kitandani kwangu.

Ukweli ulitoka mwaka 1983, wenyewe wakiwa vikongwe. Walichora vichimbakazi kwenye karatasi ngumu, wakiiga kitabu cha watoto cha mwaka 1914, wakavikata na kuvisimamisha kwa pini za kofia. Na inasimuliwa kwamba kwenye picha ya pili, yenye kibwengo mmoja, Conan Doyle aliiona ncha ya pini tumboni mwake, akadhani ni kitovu, akahitimisha kwamba viumbe hao huzaana kama sisi. Alikuwa amefiwa na mwanawe mwaka 1918 na alitaka sana kuamini kwamba pazia kati yetu na wao ni jepesi. Simcheki hata kidogo. Lakini pini ilikuwepo. Ilikuwa mbele ya macho yake, kwenye picha, tangu siku ya kwanza.

Nilirudi nyumbani na neno moja tu kichwani: pini. Hadithi yangu haikuwa na pini. Haikuwa na kitu chochote ambacho msomaji angeweza kukiona ukurasa wa tano na kukikumbuka ukurasa wa themanini. Na haikuwa na pini kwa sababu viumbe wangu waliweza kila kitu. Anayeweza kila kitu haachi alama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia mpaka mnichoke: kabla hujaandika uhalifu wa hadithi yako, andika kile ambacho jini wako hawezi. Kiandike kwenye karatasi, ukibandike ukutani. Hawezi nini? Haingii wapi? Haendi saa ngapi?

Usibuni hovyo. Wazee wameshatufanyia kazi hiyo. Wagiriki wana vibwengo wao ambao hupanda juu ya ardhi siku 12 tu, kuanzia Krismasi hadi 6 Januari, na watu walikuwa wakiweka chujio mlangoni. Kibwengo akifika huanza kuhesabu matundu. Moja, mbili, na hapo hukwama, kwa kuwa tatu ni namba takatifu na hawezi kuitamka. Anaanza tena moja, mbili, mpaka jua linachomoza. Iceland wanasema watu waliofichika huhama nyumba usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Unaona jinsi kila sheria ya namna hii ilivyo fumbo tayari? Umeshapata saa, umeshapata mlango, umeshapata kitu cha kushikika.

Mimi nilichagua chuma: jini wangu hawezi kukikaribia. Ireland na Scotland walikuwa wakitundika mkasi juu ya kitanda cha mtoto mchanga ili watu wa chini ya kilima wasimwibe na kumwacha wa kwao. Nilipolisoma hilo nilisimama nikazunguka chumba. Bibi yangu Pangani, kila mjukuu alipozaliwa, alitia kisu chini ya mto wake. Kisu kilekile cha jikoni, mpini wake umefungwa kitambaa chekundu, na mchana alikitoa akakatia vitunguu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nikiwa Bradford, na bibi hayupo tena, ndipo nilipoelewa kwamba maisha yangu yote nilikuwa na sheria ya hadithi yangu.

Sheria ya pili niliipata kwa mshairi wa Kiingereza, Robert Herrick, aliyechapisha mashairi yake mwaka 1648. Anawaonya wasichana wa kazi waondoe mapambo yote ya majani mkesha wa sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, yaani 1 Februari, kwani kwa kila jani lililosahaulika watamwona kibwengo mmoja. Jani moja, kibwengo mmoja. Nililikumbuka lile jani kwenye sweta yangu.

Hapo hadithi ikaandikika. Nikaitupa ile ya bibi aliyetoweka. Hii mpya hakuna anayekufa. Asubuhi ya Krismasi mzee wa chumba namba saba anaamka hajui jina la mkewe. Siku ya pili amesahau jina la mtaa alikozaliwa. Daktari anasema ni maradhi ya uzee, na kwa sisi tunaofanya kazi hii jibu hilo linatosha kila siku. Bwana Kombo peke yake anauliza kwa nini wazee wa vyumba vingine, wenye maradhi yaleyale, hawajapoteza hata jina moja wiki hiyo. Sura ya pili nimeweka shairi la majani. Sura ya tatu nimeweka kisu cha Pangani. Na sura ya kwanza, katikati ya sentensi inayozungumzia chai, nimeandika kwamba vitanda vyote vya nyumba ile ni vya chuma, isipokuwa cha chumba namba saba, ambacho mpwa wake alimletea kutoka nyumbani ili mzee ajisikie yuko kwake. Cha mbao.

Mpwa alikuwa anangojea mzee asahau jina moja tu, la mrithi. Jini anaiba majina kweli, sikumgeuza kuwa karatasi na pini. Lakini aliyemfungulia njia ni mtu, kwa kitanda na kwa jani la holi lililobanwa nyuma ya ubao wa kichwani.

Niliirusha kwenye kundi la WhatsApp, sura moja kila usiku, kuanzia usiku wa Krismasi, sura 12. Ya 13 nikaizuia mpaka 1 Februari, siku ya majani kutolewa. Watu walinitukana kwa mapenzi mwezi mzima. Tulianza watu 31, wengi wao ndugu na wafanyakazi wenzangu. Tulipofika mwisho kundi lilikuwa limejaa nikafungua la pili. Usiku wa tisa mama mmoja wa Muscat, asili yake Unguja, aliandika: "Mwanangu, mbona huyu mzee analalia mbao?" Nililia. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeambiwa havikai pamoja, na mama yule, bila kufundishwa na mtu, alikuwa amefumbua fumbo langu kwa kutumia alichokiweka bibi yake chini ya mto.

Ndiyo maana nasema, na hapa naomba mnisikilize vizuri: msomaji wa Kiswahili anajua sheria hizi kuliko sisi tunaoandika. Msimdharau. Tunasoma hadithi kila siku ambamo jini anatokea sura ya mwisho akabebeshwa lawama zote, kisha mwandishi anaweka nukta. Huo ni uvivu. Umemchukua mtu kurasa mia ukamrudisha mikono mitupu. Mpe pini mapema, mpe wazi, iweke karibu na chai.

Na sikukuu pia, usiitundike kama taa za dukani. Jiulize: nikiihamisha hadithi yangu kwenda mwezi wa Julai, itavunjika? Yangu ikihamishwa inavunjika, kwa sababu Julai hakuna majani mlangoni. Kama yako haivunjiki, sikukuu yako ni pambo, itoe.

Kuhusu jina, maana wengi mmeniuliza. Kamusi inatupa kichimbakazi, na ni neno zuri, lakini nilipolitumia sura ya kwanza nusu ya kundi waliuliza ni nani huyo. Jini nalo linakuja na mambo yake, ubani, pete, kupanda kichwani. Nilichofanya ni kumwachia Bwana Kombo aseme "wale" tu, kwa sauti ya chini, kama Waireland wanavyowaita "watu wema" ili wasiwachokoze. Hakuna aliyeuliza tena.

Nilimtumia kijana wa Morogoro haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Jioni hii amenijibu. Jini wake, anasema, haingii nyumba ambayo hajaitwa kwa jina. Amerudi sura ya kwanza, kwenye meza ya chakula cha mkesha, anatafuta ni nani kati ya watu wanane aliyelitamka. Alitaka kuniambia ni nani. Nimemkataza.