Jibu: Mzee mwenye moyo dhaifu na mazoezi ya nguvu
Pole kwa kuuguza, dada. Umesema mzee ana miaka 62, moyo wake hausukumi damu ipasavyo, na sasa miguu imeisha nguvu hadi kuinuka kwenye kochi ni kazi. Mnaogopa mazoezi yatammaliza. Lakini kukaa tu ndiko kunakozidi kula misuli. Kama hali imetulia wiki kadhaa na daktari wake wa moyo ameridhia, mazoezi mepesi ya nguvu yanamfaa.

Mama yangu ana shida hiyohiyo, nasi tulianzia kwenye kiti. Kiti kigumu, kiegemee ukuta kisiteleze: asimame, akae polepole, mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Halafu kusukuma ukuta kwa viganja, na kuinua chupa za maji za nusu lita. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane. Kubwa zaidi ni pumzi: asiibane hata kidogo. Aitoe akisimama, aivute akikaa. Akishindwa kuongea, amezidisha. Vyuma vya jimu asahau kwa sasa.

Mpimeni uzito kila asubuhi akishakwenda haja ndogo. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, au asipoweza kulala bila kurundika mito, mazoezi yasimame, apelekwe kliniki. Akiumwa kifua au akizimia, hospitali papo hapo. Kizunguzungu akiinuka, mwulizeni daktari kuhusu dozi. Msipunguze dawa wenyewe.