Nina digrii ya biolojia: kazi za utafiti vyuoni zinapatikana wapi?

Swali: Shikamoo Daktari. Nilimaliza shahada ya biolojia mwaka juzi kwa GPA ya 3.6. Kila wiki nafungua Ajira Portal kutafuta nafasi za utafiti vyuoni, sijaona inayonifaa. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ajira Portal hutangaza ajira za serikali. Kwa mwenye shahada ya kwanza, nafasi ya taaluma utakayoiona pale ni ya mkufunzi msaidizi, yule tunayemwita TA, na kwa kawaida wanataka GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Kwa 3.6 usipoteze bando.

Kazi nyingi za utafiti hazilipwi na chuo, zinalipwa na mradi. Mhadhiri akipata ruzuku ya miaka mitatu anahitaji watu wa kukusanya sampuli, kufanya PCR (kipimo cha maabara cha kuzidisha DNA ili ichunguzwe) na kuingiza data. Mkataba ni wa miezi sita au mwaka, na tangazo huishia ubaoni idarani au kwenye kundi la WhatsApp. Mara nyingine halitoki kabisa.

Kwa hiyo tafuta mradi kabla ya tangazo. Soma makala za karibuni za watafiti wa fani yako, ushuke hadi sehemu ya shukrani: hapo mfadhili anatajwa, mara nyingi na namba ya ruzuku. Ingia tovuti ya mfadhili uone ruzuku ilianza lini na inakwisha lini. Mradi uliobakiza mwaka mmoja umeshajaza watu wake. Ulioanza juzi ndio wa kuuandikia. Hapo ulipo una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini, na Taasisi ya Afya Ifakara, wanaochunguza mbu na malaria, wana kituo mkoani humo humo. Ukipenda bahari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Kwa wadudu, kituo cha utafiti cha ICIPE cha Nairobi hutangaza kwenye tovuti yake.

Barua iwe fupi, iende kwa mtafiti mkuu mwenyewe. "Natafuta kazi yoyote" haisomwi. Taja makala yake uliyoisoma, kisha unachoweza kuanza nacho kesho: kutambua mbu wa Anopheles, wanaoeneza malaria, kwa darubini, kuchambua data kwa programu ya R, kuendesha pikipiki. Usicheke. Nimewahi kumchukua kijana kwa sababu ya leseni ya pikipiki, nikawaacha wenye GPA kubwa, maana vijiji vyetu vya sampuli havikufikika kwa gari. Mtafiti akikaa kimya, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili.

Kujitolea ni sawa kwa miezi miwili mitatu, kama nauli na chakula vipo na makubaliano yameandikwa. Mimi niliosha vyombo vya maabara miezi minane kwa ahadi ya mdomo. Makala ilipotoka, jina langu halikuwamo hata kwenye shukrani. Ukiitwa, uliza siku ya kwanza nani atatajwa, na kama bajeti ina fungu la kumsomesha mtu uzamili.