Maswali ya wasomaji: Nchi moja, mlima, jangwa, msitu na pwani, safari ya miguu unaipangaje?

Meseji za mara hii nyingi zinauliza kitu kimoja, haikingi, yaani kutembea kwa miguu milimani na porini, na hasa ukienda kwenye nchi yenye kila aina ya pori ndani yake unaanzia wapi kupanga. Nimechukua tano, mengine yanafanana na haya kwa hiyo na nyie mtajiona humu humu.

SWALI: Habari za kazi. Tuko marafiki watano, tuna likizo ya siku kumi, nchi tunayoenda ina milima ya theluji, jangwa, msitu mnene na pwani ya miamba. Kwenye apu ya ramani tumeona njia nyingi ni fupi tu, kilomita 12, 14, 15, tukapanga kila siku njia moja na kila baada ya siku mbili tunahamia upande mwingine wa nchi. Mwenzetu mmoja anasema tumejaza mno. Nani yuko sahihi?

JIBU: Huyo mwenzenu yuko sahihi, tena msimuache nyuma maana mtamhitaji. Kilomita peke yake haikwambii kitu jamani. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na mpaka leo watu wanaitumia, kwa vipimo vya sasa ni saa 1 kwa kila kilomita 5 halafu unaongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Sasa chukua hiyo njia yenu ya kilomita 14, tuseme inapanda mita 900. Kilomita zinakupa masaa 2 na dakika 48, mlima unakupa saa 1 na nusu, jumla masaa 4 na dakika 18. Na hapo Naismith alikuwa anamhesabia mtu mwenye pumzi, njia nzuri, hakai chini kula, hapigi picha, hana hema mgongoni. Nyie mko watano na mabegi, kuna atakayesimama kufunga kamba za buti, kuna atakayetaka kujisaidia, kuna atakayechoka mapema, mimi ningeandika masaa 6 na nusu mpaka 7 na nisingeona aibu. Msituni kwenye mizizi na tope ongezeni tena, na kwenye mchanga laini wa jangwani usiseme, kila hatua mguu unarudi nyuma.

Kwa hiyo kwa siku kumi chagueni mandhari mbili, basi. Najua inauma ukishaona picha, lakini kuhama kutoka mlimani mpaka pwani ni siku nzima ya barabara, ni kufua, ni kununua gesi ya kupikia upya kama mnasafiri kwa ndege maana mitungi hairuhusiwi kupanda ndege, na mwili nao unataka kulala. Na msianze na sehemu, anzeni na mwezi. Nchi ya namna hiyo haina msimu mmoja, mwezi ambao pwani ni pazuri ndio huo huo unaweza kukuta njia ya juu mlimani bado ina theluji ya kiunoni, na jangwa limeshaanza kuchoma. Mkishajua mwezi, nusu ya orodha yenu itajifuta yenyewe.

Kingine, vibali. Njia maarufu zina idadi. Ile Inca Trail ya Peru wanaingiza watu 500 kwa siku, na humo wapagazi na waongozaji wamehesabiwa, halafu kila Februari inafungwa kabisa. Mtu anakata tiketi ya ndege kwanza ndio anatafuta kibali, anakuta zimeisha. Kibali kwanza, ndege baadaye. Na muache siku moja tupu katikati, msiipangie chochote, ikinyesha mnahamishia njia yenu hapo, isiponyesha mnalala.

SWALI: Dada naomba ushauri. Mimi nakimbia karibu kila asubuhi, pumzi ninayo. Tunapanda mlima wa zaidi ya mita 4000 na ratiba ina siku ya kukaa tu kambini kuzoea hali ya hewa. Naona ni kupoteza hela na muda, naweza kuiruka?

JIBU: Usiiruke mdogo wangu. Kukimbia kunakusaidia miguu na moyo, lakini ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu mlimani, hauangalii nani ana mazoezi, na wenye mazoezi ndio mara nyingi wanaumia kwa sababu wanapanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Kuanzia kama mita 2500 mtu anaweza kuanza kuumwa. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3000 usipandishe sehemu ya kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 ulale pale pale ulipolala jana. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukarudi kulala chini, hiyo ni nzuri sana. Kwa hiyo siku ya kukaa kambini sio ya kulala kwenye hema tu, panda kidogo, angalia mandhari, shuka ule.

Kichwa kikiuma, kichefuchefu, chakula hakipiti, hapo hupandi tena mpaka vipite, visipopita unashuka. Halafu kuna zile hatari zenyewe, na hizi wafundishe wote unaotembea nao. Mwambie mtu atembee mstari ulionyooka, kisigino kinagusa vidole vya mguu wa nyuma, kama anayumba kama mlevi basi ubongo umeanza kuvimba. Au amekaa chini hafanyi kitu lakini anahema, na anakohoa, hayo ni mapafu. Hapo hamsubiri asubuhi, hamjadili hela za kibali, mnamshusha sasa hivi hata kama ni usiku, na hashuki peke yake. Dawa zipo, zungumza na daktari kabla ya safari, ila dawa haikupi ruhusa ya kupanda huku unaumwa.

Na baridi usiidharau. Kwa wastani joto linashuka kama nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1000. Umeanza kutembea mita 1000 kuna nyuzi 26, umevaa tisheti unatoka jasho, ukifika mita 4000 unakuta nyuzi 6 na nusu, hapo upepo bado haujaanza na tisheti yako ya pamba imelowa jasho. Pamba ikilowa inakunyonya joto na haikauki, vaa sufu au zile nguo za michezo zinazokauka haraka, na jaketi la mvua likae juu kabisa ya begi, sio chini ya slipingi bagi.

SWALI: Tunaenda kwenye makorongo ya jangwani kipindi cha kiangazi. Kila tunaposoma tunaona onyo la mafuriko. Jangwani mafuriko yanatoka wapi?

JIBU: Nashukuru umeuliza maana hili linaua watu wazima wenye akili zao. Maji yanatoka mbali. Ardhi ya jangwa ni ngumu, mvua ikipiga hainywi, inatiririka yote kwenye vijito, vijito vinaingia kwenye korongo, na korongo jembamba linayapandisha maji juu kwa dakika chache. Tarehe 12 Agosti 1997 pale Antelope Canyon, Arizona, watalii 11 walikufa namna hiyo, mvua kubwa ilinyesha kilomita kadhaa kutoka pale walipokuwa, maji yakawafuata. Kwa hiyo unapoangalia utabiri usiangalie sehemu unayotembea tu, angalia eneo lote la juu ambalo maji yake yanashukia hapo. Kuna uwezekano wa radi huko juu? Huingii, unatafuta njia ya juu ya ukingo siku hiyo. Na ukiwa ndani ukaona maji yamebadilika rangi, au vijiti vinaanza kuelea, au ngurumo ambayo huielewi, panda juu papo hapo, acha begi kama linakuchelewesha.

Mito ya milimani nayo ina tabia yake, ile inayotoka kwenye barafu inakuwa na maji kidogo asubuhi mapema na mchana jua likishayeyusha barafu inajaa, kwa hiyo panga kuvuka asubuhi. Ukivuka, fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani ili ukianguka uweze kulitupa, vaa viatu vyako usivuke peku, shika fimbo, angalia maji yanakotoka. Tafuta pale mto ulipotanuka, sehemu nyembamba inavutia lakini ndiyo yenye kina na nguvu. Maji yamepita goti na yanakimbia, rudi. Kusubiri mpaka kesho asubuhi ni usiku mmoja tu wa hema.

SWALI: Njia ya pwani imeandikwa ipitwe maji yakiwa yamekupwa. Tukichelewa saa moja kuna shida?

JIBU: Ipo. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni kama masaa 6 na dakika 12, na kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo jedwali la jana usilitumie leo. Ingieni wakati maji bado yanaelekea kupwa, sio yameshakupwa yanarudi, hapo mtakuwa na muda wa akiba. Na angalieni mwezi, siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inajaa juu kuliko kawaida na ule ufukwe mwembamba chini ya jabali unaweza usiwepo kabisa. Mkiwa siku za maji mafu haijai sana, lakini pia haikupwi sana, kuna miamba ambayo haitajitokeza. Mawimbi makubwa siku hiyo? Jedwali halijui habari za mawimbi, macho yenu ndio yaamue.

SWALI: Mimi ni mama, kijana wangu ana miaka ishirini na mbili anataka kwenda kutembea porini siku nne peke yake. Kumzuia siwezi. Nimwambie nini?

JIBU: Mama yangu, mwambie akuachie karatasi. Iandikwe njia anayopita kwa jina, analala wapi kila usiku, hema rangi gani, jaketi rangi gani, ana ugonjwa au dawa gani, namba ya kikosi cha uokoaji cha eneo lile, na juu ya yote saa moja ya mwisho. Namaanisha hivi: anatarajia kutoka Alhamisi saa 9 mchana, basi mnakubaliana ikifika saa 2 usiku hajakupigia, wewe unapiga simu ya uokoaji, bila kujiuliza utaonekana una wasiwasi sana. Hiyo saa muiweke kwa nafasi ili kuchelewa kidogo kusiite helikopta bure, lakini ikishafika imefika. Na yeye akibadilisha njia katikati lazima akwambie, asipoweza kukwambia habadilishi.

Simu asiitegemee peke yake. Ramani azishushe kabla, simu aiweke kwenye hali ya ndege na usiku ailaze ndani ya slipingi bagi maana baridi inamaliza betri, pawabenki awe nayo, na ramani ya karatasi na dira pia ajue kuzisoma kabla hajaondoka. Kama uwezo upo, anunue au akodi kile kifaa cha dharura kinachotuma mawimbi ya megahezi 406 kwenda kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, hakihitaji mtandao wa simu wala malipo ya kila mwezi, ila kisajiliwe kwa jina lake na namba yako iandikwe humo, kwa sababu kikiwashwa watakaopigiwa kwanza kuulizwa ni nyie wa nyumbani.

Na filimbi, ni ya bei ndogo na sauti yake inafika mbali kuliko kupiga kelele. Akipata shida apulize mara 6 ndani ya dakika moja, anyamaze dakika moja, arudie hivyo hivyo, usiku afanye vile vile kwa tochi. Akisikia mipulizo 3 kwa dakika ujue wamemsikia, na asiache kupuliza mpaka wamfikie pale alipo.