Muulize Mhariri: Usitie sahihi kwanza

SWALI: Jambo Mama Mhariri. Mimi ni katibu wa ushirika wa akina mama wauza samaki hapa Bukavu. Tumeandika kijitabu cha historia ya ushirika wetu, kurasa 64, Kiswahili kitupu. Kijana aliyetupigia kwenye kompyuta anasema ameshakihariri. Sasa mchapaji ametuletea karatasi anazoziita prufu, na anataka nitie sahihi ya BAT kabla ya Ijumaa. Mama prezida wetu naye anataka kuongeza aya mbili za shukrani. Nianzie wapi? — Katibu, Kadutu

JIBU: Mama Katibu, weka kalamu chini kwanza. BAT, yaani bon à tirer, ni ruhusa yako ya kuchapa. Ukishatia sahihi, kosa mlilolipitisha kwenye prufu, yaani kurasa za majaribio za kukaguliwa kabla ya kuchapa, ni lenu, na kukichapa kijitabu upya ni kwa pesa zenu.

Kuhariri na kusoma prufu ni kazi mbili. Mhariri hushika mswada kabla haujapangwa kwenye kurasa. Hunyoosha sentensi, huhakikisha kwamba mwaka uliotajwa mwanzoni haupingani na ule wa mwishoni, huamua kama mtaandika Kongo au Congo, Kivu Kusini au Sud-Kivu, na maamuzi hayo huyaandika mahali pamoja ili yafuatwe hadi mwisho. Msomaji prufu huja nyuma yake. Hapambi lugha tena. Analinganisha mswada na prufu, anatafuta kilichoruka, kilichojirudia na kilichogeuka.

Kijana wenu nadhani aliiachia kompyuta kazi. Hapa kwetu l na r hupishana mdomoni, na mkono hufuata mdomo. Andika “kila mwanachama ana haki ya kula” ukikusudia kura, kompyuta haitapiga mstari mwekundu, maana kula ni neno safi. Mahali na mahari ni vilevile. Ndiyo maana nakusihi msome wawili: mmoja asome mswada kwa sauti, pamoja na nukta na mikato, mwingine afuate prufu kwa kidole. Lakini kwa maneno ya l na r msiamini sikio hata kidogo. Msomaji ayataje herufi kwa herufi.

Tazama pia alama. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa huongeza nafasi yenyewe kabla ya nukta mbili, alama ya kuuliza na ya mshangao, na hugeuza alama za kunukuu kuwa « ». Kiswahili cha vitabu vingi hakiweki nafasi hiyo. Chagueni moja, kinachokera ni kukuta mitindo miwili katika ukurasa mmoja.

Kusahihisha, tumia kalamu nyekundu: alama ndani ya mstari, maelezo pembezoni mkabala nayo. Cha kufuta kipigie mstari, na pembezoni weka ile alama yenye kitanzi ambayo wachapaji wetu huiita deleatur. Palipopungua neno, chora kijishale kati ya maneno na uliandike pembeni. Ukifuta kisha ukajuta, weka vinukta chini ya neno na uandike “libaki”. Usiandike masahihisho katikati ya mistari, mpanga kurasa hatayaona.

Aya za Mama prezida ndizo zinazonitia hofu. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa 16. Zenu 64 ni karatasi nne kamili. Aya mbili zikiingia katikati, mistari yote inayofuata itasukumwa, namba za yaliyomo zitakosea, na ukurasa wa 65 utadai karatasi nyingine. Tena patazuka wajane na yatima: mjane ni mstari wa mwisho wa aya uliobaki peke yake juu ya ukurasa, yatima ni mstari wa kwanza ulioachwa peke yake chini. Mwambie mama, kwa heshima, kwamba shukrani zake zitapendeza zaidi kwenye ukurasa mtupu, kama upo, au ndani ya jalada.

Baada ya hapo dai prufu ya pili. Angalia kama kila sahihisho limefanywa, na usome mstari ulio juu yake na ulio chini, maana kosa jipya hupenda kuingia hapo. Ikiwa safi, tia sahihi na tarehe, na ubaki na nakala yako. Ijumaa ikiwa imepita, mchapaji atangoja.