Wazee wawili peke yao Pemba

Mwanangu, umeuliza wazazi wako wataishije peke yao Pemba. Hata mimi na mume wangu tuko peke yetu hapa Wete, Pemba; watoto wetu wote wako Unguja. Mwaka huu mzee wangu aliteleza kisimani akavunjika nyonga, nikawa namwogesha na kumgeuza usiku. Mjukuu wetu akashuka bandari ya Mkoani na meli, akakaa nasi mpaka Idi. Pencheni jamii, hii ya waliotimiza miaka 70 iliyoanza 2016, inatufaa kwa sukari na mchele. Msimu wa karafuu mzee wangu hakuweza kupanda mikarafuu, lakini aliketi jamvini tukatenga makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pamoja. Vidole vyake vikawa vyeusi, vinanukia, akanitania kama zamani! Basi usitume pesa tu, mwanangu. Piga simu baada ya Magharibi. Mzee wangu husogeza kiti mlangoni mapema, simu mkononi.