Usisaini hiyo barua ya kuacha kazi! Mimi nilisaini, Houston 2019

Mdogo wangu weka kalamu chini kwanza. Nimesoma ulichoandika nikiwa kwenye gari nje ya kazini nikashindwa hata kushuka. Unasema uko Dallas, supavaiza kajua ulienda intavyu kwingine, kakwambia Jumatatu uje na barua ya kujiuzulu "tuachane vizuri", na unauliza kama wana haki ya kukufukuza, kama uiandike hiyo barua, intavyu ya pili ukiulizwa mshahara useme ngapi, na ile 401(k), akiba ya uzeeni ya kazini, uifanyeje (hayo mawili ya mwisho tutayaongea baadaye). Na wawili hapo juu washakujibu andika tu, eti kufukuzwa kunachafua jina. HAPANA. Usiandike.

Maneno hayohayo ya kuchafua jina ndo yaliyonimaliza mimi.

2019 nilikuwa Houston, hapohapo Texas, kwenye kampuni ya mizigo, kazi yangu kupanga madereva, nina miaka mitatu pale sijawahi kupewa hata onyo la mdomo. Nikaomba kazi sehemu nyingine kwa intaneti. Kwenye fomu kuna kaswali, je tunaweza kuwasiliana na mwajiri wako wa sasa, mi nikaweka tiki ndiyo maana nilijua niko msafi, watanisifia. Wakampigia bosi wangu siku ileile ambayo nilimwambia naenda kwa daktari wa meno.

Ijumaa saa tisa alasiri naitwa kachumba ka HR, idara ya wafanyakazi. Mezani karatasi mbili. Moja ya kuniachisha, nyingine washaiandika kwa jina langu kabisa, kwamba nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu binafsi, pamebaki sahihi na tarehe. Yule mama wa HR kwa sauti laini kama anafariji mfiwa akasogeza ile ya pili na kalamu ya buluu yenye nembo ya kampuni, akasema hii ndo nzuri kwako, huko mbele utasema uliacha mwenyewe. Nikaomba dakika tano nikatoka mpaka kwenye maegesho nikampigia kaka mmoja wa nyumbani, yuko Marekani tangu miaka ya 90, ndo tunayemfuata wote kwa ushauri. Akanambia saini haraka kabla hawajabadili mawazo, ukifukuzwa nchi hii huajiriwi tena. Nikarudi, nikasaini.

Sasa sikiliza hesabu. Ukikosa kazi Texas unaomba mafao Texas Workforce Commission, ofisi ya ajira ya jimbo. Wanachukua robo ya mwaka uliyolipwa zaidi katika kipindi wanachokiangalia, wanagawanya kwa 25, hiyo ndo ya wiki. Robo yangu kubwa ilikuwa dola 9,000, kwa hiyo 360 kila wiki, na inaweza kwenda mpaka wiki 26. Lakini kwanza wanataka kujua ulifukuzwa au uliacha. Ukifukuzwa bila utovu wa nidhamu kazini unalipwa. Ukiacha mwenyewe bila sababu nzito ya kikazi, hupati. Mwajiri akatuma ile karatasi yangu yenye sahihi yangu, nikakataliwa. Nikakaa bila kazi miezi minne na ushee, yani zaidi ya dola 5,000 zimepotea kwa sahihi ya sekunde mbili, kodi ya nyumba nikamkopa shemeji na mama Tanga akakaa miezi mitatu sijamtumia hata senti.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, kumbe nilikuwa na njia. Ukiambiwa jiuzulu au tunakufukuza sasa hivi, Texas wanaweza kuhesabu kwamba umefukuzwa, ila lazima uonyeshe kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mi sikuwa na imeili wala meseji wala chochote, nina karatasi inayosema "kwa hiari yangu". Rufaa ni siku 14, na zinahesabiwa toka tarehe waliyoituma barua, siyo siku uliyoifungua wewe. Bahasha yao ilikaa juu ya maikrowevu chini ya vipeperushi vya pizza. Nimeifungua siku ya 19.

Yule kaka nimemheshimu miaka yote lakini kwenye hili alinipoteza na mpaka leo anawapoteza vijana. Ile ya "bora uache kabla hujaachishwa" ni busara ya nyumbani, huku inakuvua nguo. Na yule mama wa HR alijua fika anachofanya. Waajiri wanalipa kodi ya ukosefu wa kazi, na watu wao waliofukuzwa wakilipwa mafao kodi yao inaweza kupanda. Ndo maana hiyo barua wanaitaka kuliko unavyoitaka wewe. Mtu anayekufanyia hisani hakuharakishi Ijumaa jioni!

Wana haki ya kukufukuza kwa kwenda intavyu? Ndiyo mdogo wangu, wanayo, usijipe moyo. Mi nilikuwa na akili za Tanzania, kwamba lazima wanipe barua ya kujieleza, waite kikao, watoe sababu, maana nyumbani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, usipotendewa hivyo una siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kenya nao kwa sheria yao ya 2007 lazima usikilizwe kwanza. Huku ni "at-will", wewe unaacha siku yoyote, yeye anakuachisha siku yoyote, kwa sababu nzuri, mbaya au bila sababu kabisa. Jimbo la Montana tu ndo wana sheria yao toka 1987, ukishamaliza kipindi cha majaribio lazima wawe na sababu ya msingi. Wewe uko Texas.

Mipaka ipo ila ni kuta chache. Hawaruhusiwi kukufukuza kwa rangi, dini, jinsia, ujauzito, nchi uliyotoka, ulemavu, au umri ukishafika 40. Wala kwa kudai ovataimu yako au kuongea na wenzako kuhusu mishahara. Na hapo Texas kuna kesi ya 1985, baharia mmoja aliambiwa asukumie baharini maji machafu ya chini ya boti, akasoma kibao kilichobandikwa humohumo botini kwamba ni kosa, akapiga simu kwa walinzi wa pwani kuhakikisha, akagoma, akafukuzwa. Mahakama kuu ya jimbo ikasema hapana, mtu hafukuzwi kwa sababu moja tu ya kukataa kuvunja sheria. Intavyu haimo kwenye orodha hiyo. Labda kama mwenzako wa rangi nyingine naye alienda intavyu wakamwacha, hapo andika tarehe na majina umwone wakili mapema, kulalamika jimboni ni ndani ya siku 180.

Kwa hiyo wakitaka uondoke WAKUFUKUZE. Leo hii muandikie supavaiza imeili fupi ya kistaarabu: jana uliniomba nilete barua ya kujiuzulu Jumatatu, sina nia ya kuacha kazi, nitakuja zamu yangu kama kawaida. Basi, usiongeze maelezo. Piga picha ya majibu kwa simu yako mwenyewe maana wakikutoa kompyuta ya ofisi unaiacha mezani. Jumatatu nenda kwa wakati, fanya kazi vizuri, usigombane na mtu, usimpe sababu ya kuita utovu wa nidhamu. Na ruhusa ya intavyu ya pili omba tu siku yako ya likizo, usitaje daktari, uongo wangu wa meno waliutumia dhidi yangu vilevile. Wakikufukuza, hela yako ya mwisho wanatakiwa wakulipe ndani ya siku 6, na siku hiyohiyo ingia uombe mafao, sehemu ya sababu andika walichokwambia na tarehe.

Barua yoyote ya jimbo ikija ifungue ukiwa bado umesimama mlangoni.

Ukishatuma hiyo imeili njoo useme hapa alichojibu, futa majina. Niko macho mpaka usiku, na Jumatatu asubuhi kabla hujaingia ukitaka kuongea nitumie ujumbe nikupe namba. Kalamu usishike.