Maswali na Majibu: Oda moja, mteja katozwa mara mbili

SWALI: Mfumo wetu wa oda unatumia foleni ya kawaida ya SQS (huduma ya Amazon inayohifadhi jumbe hadi zishughulikiwe) na funksheni ya AWS Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha msimbo pale tu unapoitwa) inayomtoza mteja. Siku tulivu hakuna shida. Oda zikimiminika, baadhi ya wateja wanatozwa mara mbili kwa oda ileile. Tumepekua msimbo wote na hatuoni mahali tunapoita malipo mara mbili. Ukomo wa muda wa funksheni ni sekunde 30, na inachukua jumbe 10 kwa mkupuo. Tunakosea wapi?

JIBU: Huenda hakuna mstari wenye kosa. Msimbo uleule unaendeshwa tena. Foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Haijaahidi mara moja tu.

Tazameni mkupuo mmoja kwa karibu. Funksheni imepokea oda 10 na inazishughulikia moja baada ya nyingine. Siku tulivu kila malipo yanachukua sekunde moja, kwa hiyo mkupuo unakwisha ndani ya sekunde 10. Siku ya msongamano huduma ya malipo inazidiwa, na kila oda inachukua sekunde tatu na kitu. Oda tisa zimeshalipwa, ya kumi iko njiani, mara sekunde ya 30 inafika na Lambda inaikata funksheni. Kwa SQS, mkupuo mzima umeshindwa. Jumbe zote 10 zinarudi kwenye foleni, zikiwemo zile tisa ambazo wenyewe walishatozwa.

Kuna marekebisho mawili ya haraka. Muda wa ujumbe kufichwa baada ya kuchukuliwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 30, uwekeni angalau mara sita ya ukomo wa funksheni. Kwenu ni sekunde 180. Pia washeni ReportBatchItemFailures, ili funksheni irudishe namba za jumbe zilizoshindwa tu. Lakini msiegemee hapo: funksheni ikikatwa kwa kuishiwa muda haipati nafasi ya kurudisha orodha yoyote, na mkupuo wote unarudi vilevile.

Dawa yenyewe ni kuifanya kazi iweze kurudiwa bila madhara. Tengenezeni jedwali la DynamoDB (hifadhidata ya AWS) ambalo ufunguo wake ni namba ya oda. Msitumie namba ya ujumbe wa SQS, kwa sababu mtumaji akituma oda ileile upya, ujumbe unapewa namba mpya na kinga yenu imepitwa. Kabla ya kutoza, andikeni rekodi yenye hali "inaendelea" pamoja na saa ambayo hali hiyo itakwisha, kwa sharti kwamba rekodi haipo, au ipo katika hali hiyo na saa yake imeshapita. Malipo yakifaulu, badilisheni hali iwe "imekamilika". Sharti likikataa na hali ni "imekamilika", ruka oda hiyo na uihesabu imefaulu. Likikataa na hali bado ni "inaendelea", itangaze imeshindwa ili irudi baadaye.

Kwa nini hali mbili? Ukiandika "imekamilika" kabla ya kutoza, funksheni ikifa katikati oda inapotea kimya. Ukiandika baada ya kutoza tu, pengo linabaki palepale mlipoumia. Hata kwa hali mbili, funksheni inaweza kufa baada ya kutoza na kabla ya kuandika, kwa hiyo pelekeni namba ya oda kwa huduma ya malipo kama ufunguo wa kuzuia marudio, ikiwa huduma hiyo inaupokea. Ikiwa haiupokei, ulizeni kwanza hali ya oda kwake kabla ya kutoza tena. Na saa ya kwisha ilinganisheni wenyewe ndani ya sharti. Ufutaji wa TTL wa DynamoDB, yaani kufuta zenyewe rekodi zilizopitwa na muda, hautokei papo hapo.

Wengi hukimbilia foleni ya FIFO (inayotoa jumbe kwa mpangilio zilivyoingia) wakidhani imemaliza kazi. Inachuja marudio ya mtumaji ndani ya dakika 5 tu, na funksheni ikishindwa ujumbe unarudi kama kawaida.

Mwisho, wekeni foleni ya jumbe zilizoshindikana, na maxReceiveCount (mara ambazo ujumbe unapokewa kabla ya kuhamishiwa huko) isipungue 5. Muda wa kuhifadhi wa foleni hiyo uwe siku 14. Umri wa ujumbe kwenye foleni ya kawaida unahesabiwa tangu ulipoingia mara ya kwanza, na foleni zote mbili zikiwa na siku 4 zilezile, ujumbe uliohangaika siku tatu unabakiwa na siku moja tu ya kuonwa na mtu.

SWALI: Funksheni zetu za Node.js zinasoma PostgreSQL. Watumiaji wakiongezeka, hifadhidata inakataa miunganisho mipya. Je, tununue mashine kubwa zaidi?

JIBU: Subirini kwanza. PostgreSQL huja ikiwa na kikomo cha miunganisho 100, na mitatu kati yake imetengwa kwa msimamizi. Kwa upande wa pili, kila nakala ya funksheni inashughulikia ombi moja kwa wakati, kwa hiyo maombi 150 ya pamoja ni nakala 150, kila moja na muunganisho wake. Mashine kubwa itasogeza ukuta mbele kidogo tu.

Fungueni muunganisho nje ya kishughulikiaji (sehemu ya msimbo inayoendeshwa kwa kila ombi), ili nakala iutumie tena kwa ombi linalofuata, na ukubwa wa bwawa la miunganisho, yaani akiba ya miunganisho iliyo wazi, uwe 1. Nakala moja haina kazi na miunganisho 10. Kisha wekeni PgBouncer au RDS Proxy katikati, ili nakala nyingi zishirikiane miunganisho michache. Kama funksheni inalishwa na SQS, punguzeni idadi ya nakala kwa kutumia kikomo kilicho kwenye kiunganishi cha foleni chenyewe. Kikomo cha funksheni peke yake kinaweza kuwaumiza: ujumbe unachukuliwa, unakataliwa, unarudi, hesabu yake inapanda, na hatimaye unatupwa kwenye foleni ya zilizoshindikana bila kusomwa hata mara moja.

SWALI: Tumeiacha memori kwenye MB 128 ili kubana gharama, lakini funksheni inajikokota. Tufanyeje?

JIBU: Iongezeni. Kwenye Lambda, nguvu ya prosesa inapanda pamoja na memori, na prosesa moja kamili inapatikana kwenye MB 1,769. Gharama ya kuendesha ni memori mara muda. Kazi ya sekunde 8 kwa MB 128 inatozwa sawa na kazi ya sekunde 1 kwa MB 1,024, na mtumiaji amepata jibu mapema zaidi. Pimeni kazi ileile kwa MB 128, 512, 1,024 na 1,769, mkisoma muda kwenye logi. Kama muda mwingi unaliwa na kusubiri huduma nyingine, memori haitasaidia. Na kupita MB 1,769 kunanufaisha tu msimbo unaogawa kazi kwa prosesa zaidi ya moja.

SWALI: Funksheni ya kupunguza ukubwa wa picha imejiita yenyewe usiku kucha. Tunaisimamishaje?

JIBU: Wekeni idadi yake ya nakala zilizotengwa kuwa 0; maombi mapya yanakataliwa mara moja. Inajiita kwa sababu picha ndogo inayoiandika kwenye ghala lilelile inaichochea tena. Kisha tenganisheni maghala ya S3 (hifadhi ya faili ya AWS): picha asilia ziingie katika moja, ndogo ziandikwe katika jingine lisilo na kichochezi. Ndipo mrudishe namba ya nakala.